Kuzuia Maji Kwenye Viungo vya Umeme vya Vifaa Vidogo: Mwongozo Kamili

Kifaa cha nje kikizima baada ya mvua, lawama ya kwanza huangukia kasha. Mwenyewe atalifungua, atatafuta ufa, atapaka silikoni kuzunguka kifuniko, na mvua inayofuata kifaa kitazima tena. Plastiki ya kasha haipitishi maji. Maji hupita palepale umeme unapopita: kwenye tundu la kebo, kwenye soketi ya chaja, kwenye kiungo kilichofungwa tepu, na mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, ndani kabisa ya waya, chini ya ganda lake.

Mwongozo huu unahusu sehemu hizo tu, na kwa umeme mdogo wa moja kwa moja: volti 5 za USB, volti 12 au 24 za betri na paneli ya sola. Fikiria kamera ya nje, kihisi cha unyevu wa udongo, taa za LED, pampu ndogo ya maji, redio, kifuatiliaji cha GPS. Umeme wa ukutani haumo humu. Kama kifaa chako kinalishwa kutoka ukutani, adapta ibaki ndani pakavu, nje itoke volti ndogo peke yake, na saketi inayolisha adapta hiyo iwe na kikata-umeme cha uvujaji cha miliampia 30. Kazi ya upande huo ni ya fundi umeme.

Kabla ya kugusa chochote, kuna uamuzi mmoja wa kufanya kwa kila kiungo: nitakiziba kabisa, au nitakiacha wazi kwa namna ambayo maji yakiingia yatatoka? Vyote viwili vinafanya kazi. Kinachoua vifaa ni cha katikati, yaani kiungo kilichozibwa vya kutosha kuzuia maji yasitoke, lakini si vya kutosha kuyazuia yasiingie. Tepu ya kawaida iliyozungushwa kwenye waya nje ni mfano kamili. Ndani yake maji yatakaa wiki nzima baada ya jua kukausha kila kitu kingine.

Maji yanavyoharibu, na yanavyoingia

Kulowa peke yake si tatizo kubwa. Tatizo ni kulowa huku umeme upo. Maji ya mvua yakichanganyika na vumbi, chumvi ya vidole na mabaki ya dawa ya kulehemu yanaanza kupitisha mkondo kati ya chanya na hasi. Volti 1.23 tu zinatosha kinadharia kuanza kuyapasua maji kuwa hidrojeni na oksijeni, kwa hiyo volti 5 za USB ni nyingi mno. Shaba ya upande wa chanya inayeyuka kidogokidogo na kuacha ule ukoga wa kijani au bluu, huku upande wa hasi mara nyingi ukibaki mzima. Ukifungua plagi iliyokufa na kukuta pini moja imeliwa na jirani yake inang'aa, umeshajua ilikuwa na volti wakati imelowa. Maji ya bahari ni mabaya zaidi, maana yanapitisha umeme takriban mara mia moja kuliko maji ya bomba, na yakikauka yanaacha chumvi inayovuta unyevu wa hewa tena na tena.

Hapa ndipo inapotoka kanuni ambayo wengi huiruka: kiungo kisichotumika kisiwe na volti. Swichi au fyuzi iwekwe upande wa betri, kabla ya kiungo. Kama ni USB, kumbuka kwamba soketi ya aina ya A ina volti 5 muda wote chaja inapokuwa imewashwa, ilhali chaja ya USB-C haipeleki umeme mpaka itambue kwamba kuna kifaa upande wa pili. Kwa sehemu yenye unyevu, tofauti hiyo ndogo ni sababu tosha ya kuchagua USB-C.

Kuhusu kuingia, njia ya kwanza ni waya wenyewe. Waya wa nyuzi nyingi una nafasi nyembamba kati ya uzi na uzi, na nafasi hizo hunyonya maji kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Ncha ikilowa nje, maji yanaweza kusafiri mita kadhaa ndani ya ganda na kutokea kwenye bodi ya kifaa, ndani ya kasha ambalo halina hata tundu moja. Hakuna silikoni ya nje inayoweza kuzuia hilo.

Njia ya pili ni kupumua kwa kasha. Jua likipasha hewa iliyo ndani hadi nyuzijoto 50, kisha mvua ikaipoza ghafla hadi 20, shinikizo la ndani linashuka kwa karibu asilimia 9. Kiasi hicho ni sawa na uzito wa safu ya maji yenye kimo kinachokaribia mita moja. Kasha linavuta, na kama tone limekaa juu ya mshono wa glandi (kile kifungo cha kubana kebo kwenye tundu la kasha), litavutwa ndani. Ndiyo maana kifaa kinaweza kuvumilia mvua ya usiku kucha halafu kikafa kwa manyunyu ya saa nane mchana.

Hatua ya kwanza: fuata njia ya umeme

Chukua karatasi, chora mstari kutoka betri au adapta hadi kwenye bodi ya kifaa, na uweke alama kila mahali waya unapokatika: kiungo, plagi, tundu la kasha, swichi, fyuzi. Kila alama ni mahali pa kulinda, kwa hiyo anza kwa kuzipunguza. Kebo moja ndefu isiyo na kiungo inashinda viungo viwili vilivyozibwa kwa ustadi. Plagi ambayo haitachomolewa kamwe igeuze kuwa kiungo cha kudumu. Kiungo kinachoweza kuhamishiwa ndani ya kasha kihamishe.

Halafu jiulize ni maji ya aina gani. Alama ya IP inayochapishwa kwenye vifaa, iliyowekwa na kiwango cha kimataifa IEC 60529, ina tarakimu mbili: ya kwanza inahusu vumbi, ya pili maji. Tarakimu ya pili ikiwa 4 ni manyunyu kutoka pande zote, 5 na 6 ni maji yanayorushwa kwa mpira, 7 ni kuzama mita 1 kwa dakika 30, na 8 ni kuzama zaidi ya hapo kwa masharti anayoyataja mtengenezaji. Watu hudhani 7 inajumuisha 5 na 6. Haijumuishi. Kifaa cha IP67 kinaweza kuzama kwenye ndoo kikatoka salama, kisha kikaingia maji kwa kuoshwa na bomba lenye nguvu, kwa sababu hayo ni majaribio mawili tofauti. Majaribio yenyewe hufanywa kwa maji yasiyo na chumvi, kwa kifaa kipya, hivyo raba iliyozeeka au bwawa la chumvi ni habari nyingine.

Kwa kifaa kilicho chini ya paa au mvua ya kawaida, hauhitaji kuzamisha chochote. Kuelekeza matundu chini, kitanzi kwenye kebo na viungo vizuri vitatosha. Weka nguvu kubwa pale tu kifaa kinapoweza kuzama au kurushiwa maji.

Hatua ya pili: vifaa vya kazi

Utahitaji mrija wa kusinyaa kwa moto wenye gundi ndani (si ule wa kawaida mwembamba), tepu ya raba inayojishika yenyewe, tepu ya umeme ya plastiki, glandi za kebo, grisi ya silikoni isiyopitisha umeme, spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, pasi ya kulehemu, bloa ya hewa ya moto na multimita. Kama utaziba kwa silikoni, ongeza silikoni isiyo na asidi.

Hiyo ya mwisho inahitaji maelezo. Silikoni ya kawaida ya kuzibia bafu, ile yenye harufu kali ya siki inapokauka, hutoa asidi ya asetiki. Asidi hiyo inakula shaba na lehemu ikiwa imefungiwa pamoja nazo ndani ya kasha. Tafuta iliyoandikwa kuwa haina asidi au inafaa kwa elektroniki. Ikiwa huna uhakika, nusa. Hata iliyo nzuri inakauka kwa kuvuta unyevu wa hewa kutoka nje kwenda ndani, kwa kasi ya milimita 2 hadi 3 kwa siku, kwa hiyo donge nene ulilolijaza leo bado litakuwa majimaji katikati kesho. Usilifunge kasha kabla haijamaliza.

Gundi ya moto ya bunduki ni ya kushikilia waya usitikisike, basi. Haishiki vizuri kwenye chuma laini, na jua kali linailainisha. Binafsi siihesabu kama kizuizi cha maji hata kidogo.

Hatua ya tatu: kiungo cha waya kwa waya

Hiki ndicho kiungo kinachofanywa vibaya kuliko vyote, na ndicho chenye suluhisho la uhakika zaidi.

Ingiza mirija kwenye waya kabla ya kuunganisha. Kwa kebo yenye nyaya mbili ndani unahitaji mirija mitatu: miwili midogo, mmoja kwa kila waya, na mmoja mkubwa wa kufunika kebo nzima. Isukume mbali na mahali utakapopasha moto. Chagua inayosinyaa mara tatu, kwa sababu inaweza kupita juu ya kiungo kinene na bado ikabana ganda jembamba pembeni.

Kata nyaya kwa urefu usiolingana, ili kiungo cha chanya kikae sentimita 2 au 3 mbali na cha hasi. Hata maji yakifanikiwa kuingia, yatakuwa na safari ndefu kabla ya kuunganisha pande mbili, na kebo haitakuwa na nundu moja kubwa.

Unganisha kwa kulehemu au kwa kubana na koleo lake maalumu. Ukilehemu, acha lehemu izame hadi katikati ya nyuzi, isiishie juu juu. Kisha safisha kwa spiriti. Mabaki ya dawa ya kulehemu na alama za vidole ndivyo vinavyofanya gundi ya mrija isishike, na ndivyo vinavyogeuza unyevu mdogo kuwa njia ya mkondo. Sugua na ganda la waya pia, sentimita chache kila upande, maana hapo ndipo gundi inapotakiwa kukamata.

Leta mrija juu ya kiungo, ufunike ganda zima kwa sentimita 2 kila upande. Pasha kuanzia katikati ukielekea ncha, ukizungusha, ili hewa isukumwe nje. Endelea baada ya mrija kusinyaa mpaka uone pete ndogo ya gundi inachuruzika kwenye ncha zote mbili. Bila pete hiyo, hujaziba, umefunika tu. Acha ipoe bila kuigusa, kwa sababu gundi ikivutwa ikiwa bado moto inaacha mwanya.

Mrija mkubwa una tatizo lake. Kebo ikiwa duara, sawa. Ikiwa ni ule waya bapa wa nyaya mbili zilizoshikana, mrija wa duara unaacha bonde katikati na maji yatapita humo. Kata kipande kidogo cha mrija wenye gundi au ukanda wa gundi ya mrija, ukilaze kwenye bonde kabla ya kufunika, kiyeyuke na kujaza. Lakini jibu bora ni kutotumia waya bapa nje.

Kama huna moto, au kiungo kipo mahali pasipofikika na bloa, tumia tepu ya raba inayojishika. Anza sentimita 3 kabla ya kiungo, juu ya ganda safi na kavu. Vuta tepu mpaka upana wake upungue waziwazi, maana bila kuivuta haishikani na nyenzake, na kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia. Nenda, rudi, nenda tena. Baada ya muda mfupi tabaka huungana kuwa raba moja usiyoweza kuibandua, bali kuikata kwa kisu. Mwishoni ifunike kwa tepu ya umeme ya plastiki ili kuikinga na jua na mikwaruzo, na mzunguko wa mwisho wa plastiki uuweke bila kuvuta, vinginevyo utajikunjua. Kutumia tepu ya plastiki peke yake nje ni kupoteza muda: gundi yake hulainika kwa joto, tepu hutelezeana, na kilichobaki ni mfuko wa kutunza maji.

Hatua ya nne: kuingiza kebo kwenye kasha

Toboa chini ya kasha. Ikilazimu pembeni, iwe pembeni upande wa chini, juu, kamwe. Kisha iache kebo ishuke chini ya kiwango cha tundu kabla ya kupanda kuingia, ili maji yanayotiririka juu yake yadondoke kwenye kona ya kitanzi badala ya kufuata kebo hadi ndani. Kitanzi hiki hakina gharama na kinafanya kazi zaidi ya nusu ya vitu vinavyouzwa kwenye pakiti.

Tundu lenyewe lizibwe kwa glandi ya kipimo kinacholingana na kebo. Glandi ya PG7, kwa mfano, hubana kebo ya duara yenye unene wa milimita 3 hadi 6.5 na huhitaji tundu la takriban milimita 12.5. Kebo moja kwa glandi moja. Nyaya mbili zilizopitishwa pamoja zinaacha nafasi kati yao ambayo raba haiwezi kuijaza, na kufunga tepu juu ya kebo nyembamba ili inenepe kunarudisha tatizo lilelile. Gasketi ya glandi ikae upande wa nje wa ukuta, na uso wa kasha hapo uwe laini bila mabaki ya kutoboa.

Glandi inaziba nje ya kebo tu. Yale maji yanayosafiri ndani ya ganda hayajui kama kuna glandi. Ili kuyazuia, menya ganda kwa sentimita 1 katikati ya waya, ndani ya kasha karibu na glandi, bila kuukata waya. Zamisha lehemu mpaka nyuzi zote ziwe kijiti kimoja kigumu, kisha funika kwa mrija wenye gundi. Hakuna nafasi tena ya maji kupita. Fanya hivyo kwa kila waya, wa data pia. Sehemu hiyo ngumu huvunjika ikitikiswa, kwa hivyo ifunge kwa kamba ya plastiki kwenye ukuta wa kasha. Na kama kebo ina ganda la nje na nyaya ndani yake, menya ganda la nje mapema ili maji yanayopita kati ya ganda na nyaya yadondoke kwenye sakafu ya kasha, mbali na bodi.

Sasa kupumua. Kwa kasha linalokaa juani na kunyeshewa, weka kiziba chenye utando wa PTFE (Tefloni) unaopitisha hewa bila kupitisha maji. Vipo vya kufungwa kama skurubu kwenye tundu dogo. Shinikizo likilingana ndani na nje, raba zote zinapumzika. Kama kasha haliwezi kuzama hata siku moja, tundu la milimita 3 kwenye sehemu ya chini kabisa, lililofunikwa wavu mdogo wa kuzuia wadudu, linafanya kazi hiyohiyo na pia linamwaga umande. Wengi hawaamini kutoboa tundu kwa makusudi, lakini mtu aliyewahi kumwaga maji kutoka kwenye kasha lililozibwa kila upande haulizi mara mbili. Pakiti za silika jeli zinafaa kwenye kasha lililozibwa kabisa peke yake. Penye tundu zitashiba unyevu wa hewa upesi na kubaki mapambo.

Hatua ya tano: plagi zinazochomolewa

Plagi zenye kola ya kukaza, kama zile za duara za M8 na M12, huwa na alama ya IP67 zikiwa zimechomekwa na kukazwa. Zikiwa zimeachana, alama hiyo haipo tena. Nunua vifuniko vyake pamoja na plagi, siyo baadaye.

Plagi za magari zenye raba ndogo kwa kila waya ni bora sana kwa bei na nguvu, ila raba hiyo lazima ilingane na unene wa ganda la waya wako. Waya mwembamba kwenye raba pana unaonekana umekaa vizuri na unavuja. Matundu yasiyotumika yazibwe kwa viziba vyake, na hili husahaulika karibu kila mara kwenye plagi yenye matundu manne inayotumia mawili.

Upande wenye umeme uwe soketi yenye mashimo, upande wa kifaa uwe na pini. Zikiachana na pini zikagusana na chuma, hakuna shoti. Na popote zilipo, mdomo uelekee chini au mlalo.

Grisi ya silikoni ipakwe ndani ya soketi mpaka hewa isibaki na nafasi. Haipitishi umeme, na hilo huwaogopesha watu, lakini pini inapochomekwa huisukuma pembeni na chuma hukutana na chuma. Angalia tu raba: grisi ya silikoni huvimbisha raba ya silikoni, kwa hiyo kama oringi (pete ya raba ya kuzibia) ni ya silikoni, ipake kwenye pini peke yake. Vaselini isitumike. Huvimbisha raba asili na raba ya kutengenezwa iitwayo EPDM, na kwenye jua kali inayeyuka na kutiririka.

Nikiwa kwenye plagi niongeze fyuzi, ingawa haizuii maji. Betri ya asidi ya volti 12 inaweza kutoa mamia ya ampia kwenye shoti. Kiungo kilicholowa kinaanza na mkondo mdogo, kinajenga njia ya kaboni na ukoga, na siku moja kinashika moto. Fyuzi ndogo karibu na betri, yenye ampia kidogo tu juu ya matumizi ya kifaa, inamaliza hadithi hiyo mapema.

Hatua ya sita: soketi ya chaja kwenye kifaa chenyewe

Soketi za USB na zile za duara za milimita 5.5 kwa 2.1 zimetengenezwa kwa ajili ya mezani. Kuzipaka silikoni kwa nje hakusaidii kwa sababu maji hupita katikati ya soketi, kupitia mianya ya pini. Zipo soketi za kufungwa ukutani zenye oringi, mgongo uliojazwa epoksi na kifuniko cha raba. Badilisha soketi nzima uweke hiyo.

Ikiwa lazima ubaki na ya zamani, jenga ukuta nyuma yake. Ifungie kwenye kichumba chake ndani ya kasha, nyaya zake zipite kwenye ukuta huo kupitia epoksi, na kichumba kiwe na tundu la kumwaga maji. Soketi italowa, bodi haitalowa.

Viunganishi vya sumaku ni vizuri kwa mkono lakini pini zake ziko wazi. Kama betri ya kifaa inafika kwenye pini hizo, zitaliwa kwa kasi kila zikilowa, hata jasho linatosha. Weka dayodi ya Schottky kati ya pini na saketi ya kuchaji, umeme uingie tu usitoke. Na kama kifaa hakihitaji kuchajiwa haraka, ondoa tundu kabisa: koili ya kuchaji bila waya ya mfumo wa Qi hupitisha umeme kwenye plastiki nyembamba ya milimita chache, na ukuta unabaki mzima. Utapoteza sehemu ya umeme kama joto, kwa hivyo usichaji ndani ya boksi lisilo na hewa wala juani.

Kujaza epoksi

Njia hii haina kurudi nyuma, kwa hiyo ifanye baada ya kifaa kufanya kazi bila hitilafu kwa muda. Pima sehemu mbili za epoksi kwa mizani kulingana na maelekezo, usikadirie kwa jicho, na koroga taratibu ili usiingize mapovu. Mimina kwa tabaka. Donge kubwa hujipasha lenyewe linapokauka, na joto hilo huweza kuharibu vipuri. Kwa vifaa vinavyopitia joto na baridi, poliuritani laini ni salama kuliko epoksi ngumu, ambayo hujikunja na kung'oa vipuri vidogo.

Ganda la waya likwaruzwe kwa msasa. Polithini na Tefloni hazishikwi na epoksi hata ukizikwaruza vizuri, PVC hushikika. Ndani ya eneo litakalojazwa, menya waya kipande kidogo na ukilehemu, ili epoksi ikamate chuma na maji yasipite kati ya nyuzi. Ziba kwanza maikrofoni, vitufe, na vihisi vya shinikizo au unyevu.

Betri ya lithiamu isizikwe ndani ya epoksi. Zile za pakiti laini huvimba kadiri zinavyozeeka na zinahitaji nafasi. Zote zinahitaji njia ya kutoa gesi zikiharibika. Kasha lenye betri hizo liwe na kile kiziba cha kupumua, na bloa ya moto isielekezwe kwao.

Hatua ya saba: jaribu kabla ya mvua kukujaribia

Toa elektroniki kwanza. Weka ndani ya kasha karatasi ya tishu iliyochorwa mistari kwa kalamu ya wino unaoyeyuka kwa maji, funga, kisha zamisha kasha baridi kwenye maji ya vuguvugu. Hewa ya ndani inapopanuka, mapovu yatatokea mahali penye mwanya. Weka alama, rekebisha. Baadaye fanya kinyume: lipashe kasha juani, halafu lizamishe kwenye maji baridi kwa nusu saa ili livute. Futa nje, fungua, soma tishu. Wino uliosambaa unakuonyesha tone liliingilia upande gani. Kasha lenye tundu la kumwagia maji usilizamishe. Limwagie maji kwa ndoo na kopo kutoka juu na pembeni.

Viungo vya waya vijaribiwe kwenye bakuli la maji ya chumvi, ncha zote zikiwa nje, kavu, na zisiwe zimeunganishwa na chochote. Weka multimita kwenye ohmu kubwa kabisa. Pima kati ya nyaya mbili, kisha kati ya kila waya na maji yenyewe. Isomeke wazi, bila namba. Acha usiku kucha, pima tena, kunja kebo mara kadhaa kwenye kiungo, pima mara ya tatu. Namba yoyote inayotokea, hata ya mamilioni ya ohmu, ina maana maji yameingia: kata, anza upya.

Kama maji yameshaingia

Kata umeme kwanza, kabla hata ya kufungua, na toa betri. Kama ni maji ya chumvi, suuza kwa maji yasiyo na chumvi, ikiwezekana yaliyochujwa kwa mvuke, halafu kwa spiriti ya isopropili ambayo husukuma maji nje ya pembe. Sugua ukoga wa kijani kwa mswaki na siki kidogo, suuza tena, spiriti tena. Kausha kwa feni. Mchele hauna kazi hapa, unaongeza vumbi na wanga tu. Betri ya lithiamu iliyozama kwenye maji ya chumvi usiichaji. Iweke nje, mbali na vitu vinavyoungua, mpaka uipeleke panapokusanywa betri chakavu.

Kisha kata waya sentimita kadhaa nyuma ya kiungo kilichooza na uumenye. Shaba ikiwa nyekundu inayong'aa, rudia hatua ya tatu. Ikiwa nyeusi, endelea kukata, kwa kuwa lehemu haishiki kwenye nyuzi nyeusi. Na ukifika nusu ya kebo bado ni nyeusi, badilisha kebo yote.